Mluzi wa Kinamasini

Mluzi ulipopigwa mara ya pili, Bi. Vigezo aligeuka kuangalia nyuma, ingawa alikuwa amejiapiza kwamba safari hii hageuki.

Hakukuwa na mtu. Njia ilikuwa tupu mpaka kule alikoliacha gari. Kichaka kilisimama pande zote mbili, hata jani halitikisiki, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujaamua kama unaondoka au unabaki. Mluzi wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa, na hapo ndipo ulipomtisha. Sauti mbili za chini, ya tatu ikapanda juu na kukatika, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula chakula kisipoe. Ndege gani anaita hivyo? Anayeita hivyo ni mtu, tena mtu anayemjua vizuri anayemwita.

"Nimechoka tu," alijiambia kwa sauti. "Usingizi haukunitosha."

Basi mlitaka ajiambie nini? Jina la Bi. Vigezo alilipata kazini, katika Mfuko wa ruzuku za hifadhi ya mazingira, kwa sababu andiko la mradi likipita mikononi mwake halitazamwi sura ya mtu wala cheo chake. Una vigezo, unapata fedha. Huna, nenda salama. Wenzake walimwogopa, na walipochoka kumwogopa wakamtania. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kwenda kusema ofisini kwamba kinamasi kinampigia mluzi.

Tena kulikuwa na aibu nyingine aliyoificha zaidi ya hiyo. Kwa utaratibu wa Mfuko, mradi hutembelewa mara mbili ndipo upewe alama. Hii ilikuwa mara yake ya tatu. Aliomba gari kwa kisingizio cha kupata ufafanuzi zaidi kuhusu mifereji, wakati mifereji hiyo ilikuwa imefafanuliwa hadi ikachoka. Alichofuata anakijua mwenyewe. Na hicho alichokifuata kilikuwa kinakuja sasa hivi kutoka kwenye matete, kimevaa mabuti ya mpira, kimetapakaa tope mpaka magotini, na spika ndogo imening'inia shingoni.

"Mtathmini!" aliita yule mwanamume. "Umechelewa. Vyura wamekungoja mpaka wamekata tamaa."

"Waambie wanisamehe. Barabara yenu ni mbovu."

"Iandike hiyo. Labda mtatupa na ya barabara."

Alicheka. Moyo wa Bi. Vigezo ukampiga paa. Watu wa eneo lile walimwita Bwana Vyura, kwa kuwa aliwahi kusimamisha kikao kizima atoke nje kumsikiliza chura, na jina likamganda. Hakuwa mzuri wa kupigiwa picha. Ila alikuwa na macho yanayokutulia usoni unapozungumza, yasiyokimbilia saa wala simu, na mwanamke aliyezoea kusikilizwa nusunusu akitazamwa hivyo mara tatu, jamani, mwacheni atafute visingizio vya mifereji.

"Umeusikia?" Bi. Vigezo alimuuliza.

"Nini?"

"Kuna mtu anapiga mluzi."

Tabasamu la Bwana Vyura halikuondoka, ila lilibaki pale bila mwenyewe. "Twende tukahesabu kukuziwa," alisema. "Jua likitoka watajificha."

Kuhesabu ndege wasioonekana kuna namna yake. Kukuziwa ni ndege mwoga wa matopeni, hakai mahali ukamwona. Kwa hiyo unasimama ukingoni, unapiga kwenye spika sauti yake iliyorekodiwa, kisha unanyamaza na kusubiri. Aliyepo atadhani mgeni ameingia kwenye eneo lake, atajibu. Ukipata jibu, unaandika. Usipopata, unasogea mbele.

Walisimama bega kwa bega penye mafunjo ya mwisho. Zamani, alieleza Bwana Vyura, bonde lote hili lilikuwa maji na mafunjo. Kisha watu wakachimba mifereji kulikausha walime, udongo ukawakatalia, wakaondoka, na kichaka cha miiba kikaingia badala yao. Tangu hapo mvua ikinyesha bonde halizuii kitu. Maji yanateremka yote kwa pamoja kuwapiga watu wa chini, na kiangazi kikija visima vyao vinakauka. Mradi wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: kuziba mifereji, maji yarudi, kinamasi kifanye tena kazi yake.

"Haya, tunyamaze," alisema, akabonyeza spika.

Sauti ya kukuziwa ilitoka, kavu, kama mtu anayekwaruza kitana. Wakasubiri. Bi. Vigezo alisikia pumzi ya mwanamume karibu na sikio lake, akaiombea spika iharibike wasimame hivyo mpaka jioni.

Jibu likaja. Halikuwa la kukuziwa. Lilitoka nyuma yao, kichakani, karibu kiasi kwamba nywele za shingo zilimsimama. Sauti mbili za chini, ya tatu ikapanda na kukatika. Kisha likarudiwa upande wa kulia. Kisha mbele yao, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kufika haraka hivyo bila kuvunja hata kijiti.

"Toba!" Alimshika mkono bila kujijua. "Nani huyo? Niambie ukweli, usinifanye mtoto."

Bwana Vyura hakuutoa mkono wake. "Ni kurumbiza," alisema taratibu. "Ndege mdogo, kifua cha rangi ya chungwa. Anaiga. Anaiga ndege wengine, anaiga mbuzi, anaiga watu."

Lo, moyo wake ulitua! Alitaka hata kucheka. "Ungenambia tangu siku ya kwanza! Mwenzako nakaribia kuokoka. Na huo mluzi ameuiga kwa nani?"

"Kwa mke wangu."

Bi. Vigezo akamgeukia. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba mke wa Bwana Vyura alifariki katika yale mafuriko makubwa. Walifanya kazi pamoja hapa, yeye na mumewe. Maji yalimkuta akivuka, na mwili ukapatikana chini kule kwenye nguzo za daraja.

"Alikuwa na sauti ndogo," Bwana Vyura aliendelea, akitazama kichakani na si kwake. "Akiita kwa mdomo simsikii. Kwa hiyo chakula kikiiva anasimama barazani anapiga mluzi. Mimi huko niliko nafunga kazi. Kila siku hivyo. Kurumbiza wakaushika."

"Kwa hiyo hawa wanamkumbuka."

"Wanamkumbukia wapi? Hawakumwona. Ndege huyu haishi sana. Waliomsikia walishakufa zamani, wakawafundisha watoto, na watoto wakawafundisha watoto wao. Kila msimu wanaongezeka. Mwanzoni ulikuwa upande ule tu, karibu na nyumba. Sasa ni bonde zima."

Mluzi ukapigwa tena, kwa upole, kama anayejua kwamba amesikika. Bi. Vigezo aliuachia mkono wa mwanamume.

Akili yake ya kazi, ambayo mapenzi yalikuwa bado hayajaifikia, ikauliza yenyewe: "Na maji yakirudi?"

"Kichaka kitaoza mizizi. Ndani ya msimu mmoja au miwili kitakuwa kimekwisha. Kurumbiza hakai majini."

"Kwa hiyo mluzi..."

Bwana Vyura alishughulika na kitufe cha spika, kana kwamba kimelegea. "Betri zinakwisha," alisema. "Twende nyumbani."

* * *

Nyumba ilikuwa ya matofali, yenye baraza mbele na uwanja mtupu wa kuanikia nguo nyuma. Mwenye nyumba, na mwenye bonde lote kwa urithi, alikuwa mama mkwe wa Bwana Vyura, mama yake yule marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa kikwazo. Mfuko hauwezi kutoa hata senti bila mwenye ardhi kukubali mbele ya mtathmini, na katika ziara zote mbili bibi huyu alikuwa amekataa. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja tena?" Bibi alimpima kuanzia viatuni. "Ofisi yenu haina kazi nyingine?"

"Nina maswali kidogo tu, mama, kuhusu mifereji."

"Mifereji!" Bibi alimgeukia mkwe wake. "Baba, nenda katafute hizo betri zako. Wanawake tunataka kuzungumza."

Bwana Vyura aliingia ndani kama mtoto wa shule. Bi. Vigezo akakaa ukingoni mwa benchi, amekishika kibegi chake magotini, akijua kinachokuja. Ataambiwa mwanamume huyu ana mke tayari. Ataambiwa aende akatafute wa kwake.

"Unampenda mkwe wangu," alisema bibi.

"Mama, mimi nimekuja kikazi..."

"Sikukuuliza. Nimekueleza. Ukimtazama unasahau kufunga mdomo." Akapangusa kitu kisichokuwepo kwenye khanga yake. "Na unadhani nakataa maji kwa sababu nataka kumsikia mwanangu."

Bi. Vigezo akainua macho.

"Ngoja nikwambie kumsikia kukoje. Niko jikoni, naitwa. Naanika nguo, naitwa. Siku moja niliacha chungu motoni nikaenda. Mtu mzima mimi, nina akili zangu, na najua ni ndege! Nikaingia kwenye miiba, naitika, 'Nakuja, mama, nakuja.' Akaita mbele kidogo, nikasogea. Akaita tena mbele, nikasogea tena. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mfereji, pale pale alipochukuliwa, mguu mmoja uko hewani. Mzazi unazika mara moja. Mimi nazika mchana kutwa."

"Sasa kwa nini ulikataa, mama?"

"Kwa ajili yake huyo aliye ndani! Kila nikifungua mdomo niseme ndiyo, namwona anavyonitazama. Mdomo wake unaomba maji, macho yake yananililia nikatae. Kaandika mradi mzuri kwa sababu anajua kizee hiki kitaukwamisha. Nimechoka kuwa mbaya kwa niaba yake." Akampazia sauti mkwe wake. "Baba! Njoo huku."

Bwana Vyura akatoka, betri mkononi.

"Nakubali," alisema bibi. "Zibeni mifereji. Mtathmini ni shahidi. Leteni maji."

Rangi ilimtoka mwanamume usoni. Alisimama pale barazani akitazama huku na kule, na kwa sekunde chache Bi. Vigezo alimwona kama alivyokuwa, mtu aliyezuia mlango kwa miaka kwa mgongo wa mtu mwingine. Kisha akateremka ngazi, akashika njia ya mferejini.

Bi. Vigezo alimfuata mbiombio.

* * *

Alimkuta penye lango la mfereji, lile la mbao ambalo wachimbaji wa zamani walilijenga. Hapo ndipo pekee simu zilipokuwa zinapata mtandao, na hapo ndipo, bila shaka, kurumbiza walikuwa wengi kuliko kote.

"Ninyime," alisema Bwana Vyura, amempa kisogo.

"Nini?"

"Alama zako ndizo zinazoamua, si ndiyo? Nipe mbovu. Sema gharama haziendi sawa. Sema mtaalamu hana uzoefu. Sema lolote, wewe ni Bi. Vigezo, nani atakuhoji?"

"Unaniomba nikuangushe?"

"Nakuomba unihurumie."

"Na watu wa chini nani atawahurumia?" Sauti ilimpanda bila kutaka. "Wewe mwenyewe uliniambia, mvua zikija tena kama zile, nyumba za pale darajani zinaondoka. Uliniambia ukinitazama machoni! Maji yaliyomchukua mkeo yalipita kwenye mfereji huu huu!"

"Najua yalikopita!" aligeuka, macho mekundu. "Unadhani sijui? Mimi ndiye niliyechelewa kuitika siku ile! Aliita, nikasema namalizia kuhesabu mstari huu mmoja. Akavuka kuja kunitafuta. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia kwake, na ndiyo hiyo iliyobaki. Halafu unataka niizime kwa mikono yangu?"

Kichakani mtu aliita. Chakula kiko tayari. Akaita tena, kwa mbali kidogo, kisha tena, na sasa ilikuwa huku na huku, wanawake kumi, wanawake ishirini, wote ni yule mmoja, wote wanamwita huyu mwanamume aje.

Bi. Vigezo alisimama katikati ya sauti zile akaogopa, kwa mara ya kwanza, si marehemu bali nafsi yake. Maana jibu alikuwa nalo. Mradi ule ulikuwa mzuri kuliko yote aliyoipitia mwaka huo, na alama zake zilikuwa zimekamilika kichwani tangu ziara ya pili. Lakini chini ya alama zile palikuwa na kitu kingine kidogo na kibaya, kinachosema: leta maji, umnyamazishe mwenzio. Alitaka bonde lile liwe kimya. Alitaka mwanamume huyu aitwe na yeye peke yake. Sasa atajuaje anayetoa alama ni mtathmini au ni mwenye mapenzi?

Alijikaza kisabuni, akatoa simu.

"Unampigia nani?" aliuliza Bwana Vyura.

"Mkuu wangu."

"Unataka kumwambia nini?"

Simu ililia, ikapokewa.

"Mkuu, samahani. Ule mradi wa kinamasi. Mwenye ardhi amekubali. Mimi nauona unastahili, kwa kila kigezo." Akavuta pumzi. "Ila alama zangu usizipokee. Nina mgongano wa maslahi. Ni lazima niutangaze."

"Mgongano gani?" Mkuu alikuwa mwanamke asiyependa hadithi ndefu, na sauti yake ilitoka simuni kama ya mtu aliyesimama nao. "Umepokea zawadi?"

"Hapana. Nampenda."

"Nani?"

"Mwombaji."

"Mwenyewe anajua?"

"Amesimama hapa, anakusikiliza."

"Ebo!" Kitu kilidondoka mezani kwa Mkuu. "Yaani wewe? Wewe, Bi. Vigezo? Haya. Nimekuondoa. Kesho asubuhi nakuja mwenyewe."

"Mkuu, huku wanahitaji maji kabla ya mvua."

"Hilo nitaliona kwa macho yangu. Yako yameshaharibika." Akakata.

Bi. Vigezo alirudisha simu kwenye kibegi chake. Mkuu hajui ndege wala mluzi. Atafika, atatazama mfereji, atatazama nyumba za darajani, na atasaini. Wote wawili walilijua hilo. Bwana Vyura alimtazama kwa muda mrefu, na katika macho yale aliyoyafuata kwa safari tatu hakuona hasira wala upendo. Aliona mtu ambaye ameambiwa saa imefika. Kisha akampita, akaingia kichakani kwa upande ule ambao hauna njia.

"Usiende!" aliita. "Jamani, rudi!"

Matawi yakafungana nyuma yake.

* * *

Bibi hakushangaa alipomwona anarudi peke yake anakimbia. "Kaa," alimwambia.

"Mama, ameingia kule kwenye miiba, ni lazima tumfuate, huo mfereji..."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Ukungu ulikuwa umeshuka tena ingawa mchana ulishaingia, na benchi na ngazi zilibaki peke yake duniani. Mluzi ulikuwa unapigwa upande wa kushoto. Bi. Vigezo alianza kuufuata kwa masikio, akihesabu kama alivyofundishwa na mwanamume yule: mmoja pale, mwingine karibu na mafunjo, wa tatu mferejini. Kisha ukapigwa nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba hakuna kichaka. Kuna uwanja mtupu tu. Na huu haukuwa wa ndege kuiga mtu. Ulikuwa na pumzi ndani yake, na mwishoni, pale sauti ya tatu ilipopaswa kukatika, ilivutwa kidogo, kama mtu anayetabasamu.

"Usigeuke," alisema bibi kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa yameloa. "Si wewe anayeitwa."

Ndipo kutoka mbali kichakani ukaja mluzi mwingine. Mbovu, wa mwanamume, umekauka na kukwama katikati, ukarudiwa mpaka ukatoka mzima. Bi. Vigezo aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anamwitikia. Baada ya miaka yote ile alikuwa anamwitikia mkewe.

Bonde lote likanyamaza. Si kurumbiza, si chura, si nzi. Nyuma ya nyumba kamba ya nguo ililia mara moja kama iliyoguswa na mtu anayepita, na pakawa kimya.

Hatimaye Bwana Vyura akatokea, shati limechanika begani, miiba imemchora mikono, na spika haipo shingoni. Alikuja mpaka mbele ya ngazi akasimama. Alionekana mzee, na alionekana amelala usingizi wa kutosha, vyote kwa pamoja.

"Mkuu wako anafika saa ngapi?" alimuuliza Bi. Vigezo.

"Asubuhi. Saa tatu hivi."

"Atanikuta langoni. Nitamwonyesha pa kuziba kwanza." Akapanda ngazi moja. "Mama, nisamehe."

"Ingia uoge," alisema bibi. "Unanuka tope."

Akapita kati yao. Mlangoni akasimama, kiganja kwenye fremu, akasema bila kugeuza uso:

"Yale uliyoyasema kwenye simu."

"Ndiyo," alisema Bi. Vigezo.

"Siwezi kukujibu leo. Nikikujibu leo, sitajua ninamjibu nani kati yenu."

"Sijakuuliza chochote."

"Najua." Sasa akageuka, na macho yale yakamtulia usoni kama zamani, ila safari hii hakukuwa na mtu wa tatu ndani yake. "Maji yakishapanda, uniulize."